Zoezi la Kukubali Kushindwa

Mkufunzi alitua Nakuru na kalamu za rangi nne na imani kwamba chama chetu kilikuwa chama kweli. Shirika lake la ng'ambo lilikuwa limejitwika kazi ya kutufundisha demokrasia ya ndani ya vyama, likatufungia hotelini siku tatu. Chama chenyewe kilikuwa mwenyekiti, mhuri wake na shemeji yake. Sisi wengine tulikuwa wa kujaza viti.

Mimi nilitaka tiketi ya kugombea uwakilishi wa wadi kule Kaptembwo. Miezi mingi nilikuwa nimepita mlango kwa mlango, na wanawake wa ploti yetu, wapangaji wenzangu, walinipigia debe bila kudai hata soda. Mpinzani wangu alikuwa huyo shemeji, jamaa aliyeijua Kaptembwo kwa kuipita ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Siku ya pili mkufunzi akatangaza kuwa shida ya nchi kama zetu ni watu kutokubali kushindwa. Aliwaambia hivyo watu ambao kura zao za mchujo hazijawahi kuhesabiwa! Akataka tuigize. Mmoja awe mshindi, mwingine akubali matokeo kwa heshima.

"Wacha mathe ashindwe," mwenyekiti akasema, akininyooshea kidole. "Huyu ako na roho safi."

Watu wakacheka, nikasimama, na shemeji akasimama kuwa mshindi. Mwenyekiti akatoa fomu halisi ya chama kwenye mkoba, "ndio ikae real," na mkufunzi akafurahi kupita kiasi. Nikasaini kwamba nimejiondoa na ninamuunga mkono mwenzangu. Nikamkumbatia shemeji mtu, tukapigwa picha. Nilijitahidi hata nikatoa machozi, mjinga mimi, nikitaka mgeni aone tunajua kuigiza.

Wiki mbili baadaye, kabla ya mchujo, mwenyekiti alitangaza kuwa shemeji yake amepita bila kupingwa. Ushahidi ulikuwa fomu yangu, sasa ina mhuri, na ile picha.

Nilimpigia mkufunzi simu. Akasikiliza, akahema, akasema anasikitika sana ila shirika lao haliingilii mambo ya ndani ya chama. Siku tatu nzima alikuwa ametufundisha nini, kama si mambo ya ndani ya chama? Kisha, bila haya, akaomba ruhusa ya kuiweka picha kwenye ripoti yake, kwa sababu ilionyesha ukomavu. Nilimkatia simu. Sijawahi kumdharau mtu mwenye adabu kiasi kile.

Jioni wanawake wa ploti walikuja kwangu. Niliwaeleza yote, tangu kalamu za rangi hadi machozi. Mkubwa wao, aliyezunguka nami hadi miguu ikavimba, akaniuliza kwa upole:

"Sasa mama, walikupea nini ndio usaini?"

Nilisema sikupewa kitu. Nikaapa. Wakainuka mmoja mmoja, wakaniaga vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.