Nilivyokata Simu kwa Paji la Uso

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane: baraka ya babu yangu niliikata katikati kwa paji la uso. Paji hili hili nililonalo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya mgando, yale ambayo mama zetu walitupaka asubuhi za baridi mpaka tukang'aa kama maandazi, moyo unanishuka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, tunakaa Fridley, Minnesota, tumetoka kambi ya wakimbizi Kigoma mwaka mmoja nyuma. Nyumbani kwa Babu, mtu haanzi safari ndefu kabla mzee hajamwekea mkono kichwani na kumtajia majina ya waliomtangulia, mmoja mmoja mpaka lake mwenyewe, halafu anamwambia, nenda. Siku tunaondoka kambini aliwawekea wote. Mimi nilikuwa chooni. Hofu ya ndege ilikuwa imenifungua tumbo, na basi halikungoja mtu. Kaka zangu walipanda na baraka zao, mimi nikapanda nimeshika tumbo.

Babu jambo hilo halikumtoka. Siku moja Riziki, binti wa jirani yake, alitutumia ujumbe wa sauti. Akasema Babu anaumwa, hali chakula tena, macho yamekufa karibu yote, na anataka kumpa baraka yule mtoto aliyebaki. Tupige Jumapili, yeye atamshikia simu.

Jumapili asubuhi tukavaa nguo za kanisa. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari. Mama akanipaka mafuta mara mbili, maana naenda mbele ya mzee. Papa akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na Babu akatokea, amekonda, nyuma yake turubai. Akaniuliza kama huku tunakula vizuri. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha televisheni, Mama akanifinya, Babu akacheka. Kisha akainua mkono. Ukaja, ukaja, mpaka kioo chote kikawa giza jekundu, mwanga unapenya kati ya vidole tu.

Hapo tukabaki tunaangaliana. Sasa kichwa kinawekwa wapi? Kaka yangu Amani akasema nivae simu juu kama kofia. Mama akakataa: mkono uko kwenye kioo, basi kichwa kiende kwenye kioo. Papa akailaza simu mezani, nikapiga magoti nikaiinamia. Sauti ya Babu ikawa inaingia kwenye mfupa.

"Furaha, mtoto wa Lubunga, mtoto wa Asende, mtoto wa…"

Kimya. Nikafikiri anavuta pumzi. Nikangoja, paji langu linateleza taratibu. Papa alipoinua simu, kulikuwa na doa kubwa la mafuta, pale pale penye kile kitufe chekundu cha kukatia simu.

"Umekata," Amani akasema.

Tukapiga. Ikaita, ikaita, hakuna anayepokea. Tukapiga tena na tena, kanisani hatukwenda. Baadaye ikaacha hata kuita. Kabla ya Jumapili nyingine mjomba akatupigia kwa namba nyingine: Babu wamemzika. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua kitambaa akawa anafuta kile kioo, anafuta tu, mpaka Papa akaitoa simu mkononi mwake polepole.

Amani akanibatiza Nusu. Jina likanikaa, nikaligeuza mzaha wangu. Nimefeli mtihani wa leseni? Ndiyo ile nusu. Gari limenitumbukia mtaroni kule Coon Rapids kwa ajili ya theluji? Nusu. Nilipoacha chuo katikati, nyumbani walicheka kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa nawachekesha ili wasijue kwamba mwenzao naamini. Kila nilichoanza, nilikuwa nasikia "mtoto wa…", halafu kimya.

Miaka ikapita, na Riziki naye akapata safari ya kuja Minnesota. Tukawa marafiki, tunafanya kazi stoo moja kule Eagan, tunafunga maboksi yanayotoka nchi ambazo hata majina yake hatuyajui. Siku moja, tunakula, nikampigia ile hadithi yangu ya paji, na mikono nachezesha, nangoja acheke. Hakucheka.

Utotoni nilidhani simu ni kama bomba: ukilikata, kilichokuwa njiani kimemwagika. Miaka yote hiyo nilikuwa napima mambo kwa upande wetu wa kioo, sikuwahi kujiuliza upande wa pili kulikuwa na nini. Riziki aliweka kijiko chini.

"Wewe Furaha, nani amekwambia haikuisha? Nilimwambia Babu simu imekata, mkono hakuutoa. Halafu mkaanza kupiga. Ile simu yangu kengele yake ilishakufa, ilikuwa inatetemeka tu, na inatetemekea chini ya kiganja chake. Nikataka kupokea, akanizuia. Akasema, 'Muache, mtoto analia.' Akawa anakubembeleza, huku anataja majina, yote, mpaka lako. Mkapiga mpaka chaji ikaisha, simu ikanyamaza. Ndiyo akasema, 'Ametulia sasa. Nenda, mwanangu.'"