Kutoka Oran hadi Oujda

Kutoka Oran hadi Oujda, wakala wa tiketi alituambia, ndege ingechukua kama nusu saa. Ingechukua, kama ingekuwapo. Mpaka kati ya nchi zetu mbili umefungwa na anga limefungwa, kwa hiyo jirani yangu Kheira, mzaliwa wa Oujda, alitakiwa apae mashariki hadi Tunis, ageuze, apite kwao juu kwa juu hadi Casablanca, ndipo arudi Oujda. Siku nzima na ushee. Nilimwambia wakala kwamba hata punda hawezi kubuni njia ya namna hiyo. Akacheka. Kheira hakucheka. Mamake huko alikuwa mgonjwa sana, na nauli yenyewe ilimshinda.

Kheira ni fundi cherehani. Aliolewa Oran enzi mpaka uko wazi, mtu akinywa kahawa huku na kula cha mchana kwao. Sasa kaka yake, Abdelghani, alipiga simu akasema atampakia mama garini, ingawa haoni vizuri, wakutane Bin Lajraf, pale ambapo kijito tu kinatenganisha nchi mbili na jamaa husimama kila upande kupungiana mikono. Wakapatana saa nne asubuhi.

Niliendesha mimi, na swaumu yangu. Saa nne tulikuwa tumeshafika. Ng'ambo walikuwapo watu, lakini si wao, na simu hazikushika mtandao. Kheira alisimama akikodolea macho kila gari lililotokea. Askari alikuja mara mbili kutuondoa kwa upole. Mara ya tatu hakubembeleza.

"Amekufa," Kheira aliniambia tulipoingia garini. "Angekuwa hai wangekuja."

Nikawasha gari.

Tulikuwa mbali simu ilipolia. Abdelghani huyo, sauti ya furaha, anasema wameondoka Bin Lajraf sasa hivi. Nikajipiga paji la uso. Ramadhani wenzetu wa ng'ambo hurudisha saa zao nyuma. Saa nne yao ni saa tano yetu. Kila mtu analijua hilo na kila mwaka tunasahau. Niliwalaani waliofunga mpaka na waliochezea saa, kwa pamoja.

Kheira alitaka kumweleza, lakini mama alikwisha kuichukua simu.

"Nimekuona, mwanangu," alisema kwa sauti nyembamba. "Nimekupungia mpaka mkono ukachoka. Na wewe hukuacha."

Kheira akanitazama, machozi yanamtoka.

"Umenenepa," mama akaendelea. "Lakini ile nguo nyekundu imekukaa."

Kheira alikuwa amevaa kijivu. Ni mwanamke gani aliyesimama pale baada yetu akampungia mama wa mwenzake, mpaka leo sijui.

"Nimeishona mwenyewe, Mama," Kheira akasema.

Mama alifariki kabla ya Idi, akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi, na hakuna ndege ambayo ingemwahisha Kheira mazikoni. Ile nguo nyekundu aliishona kweli. Aliikata kwa kipimo cha mtu mnene, na inampwaya.