Nani Aliushona Mkanda

Katika Hinterlahn, kijiji cha milima yenye theluji, hapakuwa na mwalimu wa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kutelezea, aliyetaka kufundisha watoto. Walimu wote walikuwa wanaume, na kila mmoja alipigania kupewa wanawake wa mjini, wale wa makoti ya manyoya, wanaocheka ovyo na kununua vinywaji. Watoto waliachiwa Kreszenz Oblasser, ambaye bonde zima lilimwita Zenzi, binti wa mzee Korbinian mshona matandiko ya farasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mashavu yake mekundu kwa baridi, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Majira yote ya theluji alishinda kwenye kilima kidogo nyuma ya kanisa, akishuka kinyumenyume huku ameshika ncha za ski za mtoto mmoja na kuwafokea wengine: "Plau! Fanyeni plau!"

Mchezo huo huanzia kwenye plau. Unazikutanisha ncha za ski zako mbele na kuzitanua nyuma, kama plau ya kulimia, na mwendo unapungua. Lakini miguu ya mtoto mdogo haina nguvu ya kuzishika. Ski moja inaelekea kanisani, nyingine inaelekea makaburini, na mwenyewe anabaki amekaa kwenye theluji analia.

"Mgongo wangu umekwisha, baba," Zenzi alisema siku moja mezani, wakila madonge ya mkate na nyama ya kukausha.

"Mimi farasi wawili nawafunga pamoja na hawaachani," mzee akajibu bila kuinua macho. "Niletee hizo ski."

Basi wakaanza. Mzee alikata ngozi ya ng'ombe, akashona mkanda mfupi, akatia kibanio cha shaba kila upande cha kuuma ncha ya ski. Mkanda wa kwanza ulikuwa mgumu mno, watoto wakaangukia pua. Wa pili ulikuwa mrefu, haukuzuia kitu. Wakashona na kufumua mpaka wakapata mkanda ulionyumbuka, na mzee akabuni kibanio kinachofunguka kwa kusukumwa na kidole gumba na kuachia chenyewe mtu akianguka. "Mtoto akidondoka, miguu iachane," alisema, "la sivyo tutawavunja."

Mkuu wa shule ya ski alikuwa Egid Rainalter, bingwa wa zamani wa mashindano, mwanamume mrefu mwenye meno meupe na medali ukutani. Alipoiona mikanda ile mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Zenzi wee! Umewatia watoto hatamu? Kesho utawamwagia nyasi?"

Walimu wenzake wakaangua kicheko. Lakini wiki haikwisha, watoto wote wakawa wanashuka kilima wamesimama, na wazazi wanapiga makofi. Egid akaacha kucheka. Akaja taratibu, akaomba mkanda mmoja, eti akauangalie vizuri nyumbani. Zenzi akampa, tena kwa furaha.

Theluji iliyofuata ilipoanguka, lori lilishusha maboksi mbele ya ofisi ya shule. Kila boksi lilikuwa na picha ya Egid akitabasamu, na chini yake maandishi makubwa: Mkanda wa Rainalter. Ngozi ilikuwa imegeuzwa springi ya chuma, na vibanio vya shaba vimekuwa skrubu.

Zenzi aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Huu ni wangu."

"Wako?" Egid alikuwa akipaka nta ski zake, wala hakusimama. "Hati ya uvumbuzi ya serikali ina jina langu. Wewe una nini? Una kilima cha watoto, na hicho nacho nimekupa mimi. Ukikichoka, sema, wako wengi wanaotafuta kazi."

Yaliyompata yeye mwenyewe Zenzi angeweza kuyameza. Yaliyomkwama kooni ni ya baba yake. Jumapili ile mzee Korbinian alikwenda kilabuni kama kawaida yake, akakaa meza aliyokaa tangu ujana, na watu wakamuuliza habari za mkanda. Kabla hajafungua mdomo, Egid akadakia kutoka kaunta: "Huyo? Nilimwagiza anishonee sampuli, nikamlipa bia. Nusu yake aliimwaga kwenye ndevu!" Meza nzima ikacheka, hata rafiki zake. Mzee akaweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani. Hakukanyaga tena kilabuni. Alishinda karakanani, mikono juu ya magoti, sindano hazigusi.

Zenzi alimtazama baba yake akinyong'onyea namna ile, na chuki ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Hakupiga kelele wala kwenda kwa mwanasheria. Aliendelea na kazi. Kila asubuhi alimwamkia Egid kwa adabu, "Umeamkaje, Bwana Egid?", na kila asubuhi alimsoma kama mwindaji anavyosoma nyayo. Kwenye kilima chake watoto walivaa mikanda ya ngozi. Ile ya maboksi hakuiruhusu kabisa, maana alikwisha kuijaribu yeye mwenyewe akaona kwamba skrubu zikishika barafu haziachii hata ukianguka vipi. Hilo hakumwambia mtu. Na jambo la pili alilolijua ni kwamba Egid hawezi kuvumilia kuambiwa anaogopa.

Akangoja. Ukapita msimu mzima, akangoja.

Siku ya sikukuu ya majira ya theluji, Egid alialika wenye mahoteli na mfanyabiashara mkubwa kutoka mji wa Munich waje kuuona mkanda. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya theluji, kisha baridi ikaigandisha; mlima ulimetameta kama kioo. Zenzi alitazama dirishani, akatabasamu. Akamvalisha baba yake koti, akamketisha kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuburutia majani makavu kwenye theluji, akamfunika miguu blanketi.

"Unanipeleka wapi, binti yangu?"

"Kanisani, baba."

"Kanisa si huko."

"Leo liko huko."

Chini ya mteremko mkubwa watu walikuwa wamejaa, tarumbeta zinalia, soseji zinachomwa. Egid alikuwa juu ya jukwaa la mbao akiueleza mkanda wake. Alipovuta pumzi, Zenzi akasema kwa sauti yake ile ya kilimani:

"Bwana Egid! Wageni wanauliza, huu ni wa watoto tu?"

"Ni wa kila mtu!"

"Basi tuonyeshe wewe. Kutoka juu."

Watu wakageuka. Egid akatazama mlima, akatazama barafu. "Mimi sina haja ya mkanda."

"Kweli, bingwa asilazimishwe," Zenzi akasema kwa upole, akiwageukia wageni. "Leo kunateleza. Na umri nao umekwenda."

Mtu mmoja akacheka. Ikatosha. Egid akaruka kutoka jukwaani, uso umemwiva. Akafunga miguu kwenye ski kwa mikanda mirefu ya kuzungusha vifundo, mtindo wa mabingwa wa zamani, akakaza skrubu za Mkanda wa Rainalter kwa bisibisi, kisha akamtupia Zenzi ile bisibisi. "Nishikie hii, uone wanaume wanavyoteleza."

Lifti ya mlimani ikampandisha. Alianza vizuri, na watu wakashangilia. Lakini mwendo ulipokuwa mkali alitaka kuziweka ski sambamba, na mkanda ukakataa. Alivuta kulia, springi ikavuta kushoto. Akapepesuka, akapiga barafu kwa bega, akaburutika kama gunia mpaka karibu na soseji, kichwa chini, miguu juu, ski zimesokotana. Skrubu hazikuachia. Fundo la mikanda ya vifundoni alikuwa amelilalia, na kila akijipinda goti lilimchoma akapiga yowe.

Zenzi alifika wa kwanza. Walimu wawili walipotaka kumsaidia, aliinua mkono. "Msimguse, mtamvunja. Bisibisi ninayo."

Akachuchumaa. Kwa mara ya kwanza Egid alimtazama kutoka chini.

"Fungua, Zenzi."

"Nani aliushona?"

"Fungua, goti langu!"

"Nimekuuliza. Mkanda wa kwanza nani aliushona?"

"Una wazimu? Watu wanatazama!"

"Ndiyo maana nauliza sasa."

Akatazama pande zote. Hakuna aliyesogea. Wanakijiji walitaka kusikia, na tarumbeta zilikuwa zimenyamaza. Zenzi alipitisha ncha ya bisibisi juu ya skrubu, akaiondoa tena.

"Korbinian," Egid akanong'ona.

"Baba yangu amekuwa mzito wa masikio."

"Korbinian Oblasser! Aliushona Korbinian na binti yake, mimi niliuchukua! Haya, fungua!"

Akafungua, polepole, hana haraka. Alipoinuka akamwona mzee amesimama mwenyewe kwenye sleji, blanketi limeanguka. Hakucheka. Alisema tu, "Nipeleke kilabuni." Na huko wale wale waliomcheka walisogeza viti kumpisha, naye akanywa bila kuwashukuru.

Mfanyabiashara wa Munich aliondoka bila kusaini kitu. Hati ilibaki na jina la Egid, kwa kuwa Zenzi hakuwa na njia ya kuibadilisha. Goti la Egid halikupona sawasawa; aliiachia shule ya ski mwanamume mwingine, akawa anatembea na fimbo. Mzee Korbinian alirudi kwenye sindano zake, akashona mpaka alipokufa, miaka mingi baadaye.

Egid alipokuwa mzee, mkewe Afra alimwendea Zenzi siku moja, macho yamemvimba.

"Dada Zenzi, anaumwa sana. Nenda mpatane kabla hajaondoka."

Zenzi alimkaribisha, akamwekea supu na mkate, akamsikiliza mpaka mwisho. "Wewe sina neno nawe, Afra. Kula. Lakini kwake siendi." Na hakwenda, wala Egid alipokufa hakwenda mazishini.

Baridi iliyofuata Afra alileta wajukuu wawili wa Egid kilimani, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu mwingine wa watoto. Zenzi aliwapokea kama anavyopokea wote. Alikuwa na desturi yake siku hizo: kabla ya kumfunga mtoto mkanda, humfundisha jina la aliyeushona, na mtoto hulitaja.

"Korbinian Oblasser," wale wajukuu wakasema kwa aibu.

Bibi yao alikuwa amesimama kando ya uzio, anasikia. Zenzi alimwona.

"Sijasikia," akawaambia watoto. "Kwa nguvu!"