Mgunga wa Shamba la Mama

Mgunga ule niliuua mimi. Aliyeshika shoka ni baba, lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, na sitamsingizia marehemu.

Ulisimama katikati ya shamba la mama, nje kidogo ya Shelui. Kinyume cha miti mingine, mvua zikianza unapukutisha majani, kiangazi unarudisha kijani. Mtama wa chini yake ulinawiri, wa pembeni umedumaa. Mama alianzia pale kupanda kabla ya popote, na chakula chetu kikubwa kilitoka pale.

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza darasa la saba, kichwa kimenivimba. Shuleni tulifundishwa kwamba mizizi ya miti hunyang'anya mazao chakula. Nikamwambia baba, mama yupo, "Mti huu unakula mbolea yetu." Na mbolea yenyewe ilikuwa haishikiki, ile ya ushirika ilikoma, ya dukani tuliitazama tu. Baba naye aliutamani kwa mkaa, maana wenye malori ya barabara kuu walinunua kila gunia.

Mama akauliza, "Mbona mtama unastawi hapohapo chini yake, mwanangu?" Nikacheka. Jamani, nilimcheka mama yangu!

Baba akaukata, tukafukua na mizizi, kwani mkaa wake ni mzito. Mwaka wa kwanza mtama ukakubali kupita kawaida, nikatamba mtaa mzima. Kumbe vijizizi vilivyobaki vilikuwa vinaoza na kuachia chakula chao cha mwisho. Mwaka wa tatu kikaingia kiduha, gugu linalonyonya mtama penye udongo uliochoka. Tukavuna mabua.

Bwana shamba alinieleza nikiwa mtu mzima: mizizi ya mgunga huvuta rutuba ya chini kabisa, mtama usikofika, na majani yakianguka huirudisha juu. Mama alilijua hilo kwa jembe.

Njaa ile ilimpeleka mama machimboni Sekenke, kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Alirudi na kikohozi kisichosikia dawa, amebaki mifupa. Nilipiga magoti kitandani kwake nikamwomba radhi kwa ajili ya mti.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema, akapumzika kidogo apate pumzi. "Mimi nilijua, nikanyamaza. Niliona aibu kubishana na mwanangu aliyesoma."