Ubishi wa Haidrojeni Njiani Kwenda Ikola

Niliondoka Morogoro kwa sababu mbili, na ofisini waliijua moja tu. Waliyoijua ilikuwa ya kikazi. Akina mama wa Ikola, wanaoanika dagaa kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa wameomba banda la kukaushia ambalo lingefanya kazi hata mvua ikinyesha. Mimi na mwenzangu Sospeter tulitumwa tukaone ni nishati gani ingewafaa.

Sababu ya pili sikumwambia mtu. Miaka kumi na moja nyuma, nikiwa ndio kwanza nimemaliza chuo, nilipita vijiji vya karibu na Mpanda nikiwahimiza watu wapande mbono. Niliwaambia mbegu zitakamuliwa mafuta, mafuta yataendesha magari, na wanunuzi watazifuata mpaka mlangoni. Wanunuzi hawakuja. Mradi ukafungwa, mimi nikapewa kazi nyingine, na sikurudi kuwaambia.

Tabora tulipanda treni ya Mpanda jioni, nami nikalala mapema. Kulipopambazuka tulikuwa tukipita kwenye mabonde ya Ugalla. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, miti ikitokeza vichwa tu, na treni ilikwenda taratibu kiasi kwamba nilishindwa kujua kama nimeamka au bado naota. Sospeter alikuwa ameshaamka, paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

Sospeter ni mdogo kwangu kwa miaka kama minane, na ni mtu wa haidrojeni. Alinieleza tena, ingawa nilikuwa naijua hesabu yake: sola zinatoa umeme, umeme unapitishwa kwenye maji, maji yanaachia gesi, gesi inawekwa kwenye tangi, na siku ya mvua inawashwa ikaushe dagaa.

"Halafu ikiungua inarudi kuwa maji, dada Rehema," alisema. "Hakuna moshi. Kinachobaki ni unyevu tu, kama ule pale." Akaonyesha ukungu.

Nilikiri kwamba ni jambo la kupendeza. Lakini nilimwambia kwamba sehemu kubwa ya ule umeme itapotea njiani kabla haijachemsha hata chai, na kwamba gesi ile inapenya kwenye upenyo ambao gesi nyingine haipiti. Mimi nilikuwa upande wa bayogesi: samadi ya ng'ombe wa wafugaji walio njiani, ichanganywe na matumbo ya samaki. Yeye akasema ng'ombe wanahama na samadi ni mzigo mzito wa kusafirisha hadi ziwani. Tulibishana hivyo bila kugombana, sauti zetu zikimezwa na reli, hadi jua lilipokausha ukungu wote.

Mpanda tulifikia nyumba ya wageni ya Majengo, tukaoga, tukala chapati na maharage, kisha tukakodi gari. Miti ya miombo ilikuwa imechipua majani mekundu, kwa hiyo pande zote mbili za barabara pori lilionekana kama linawaka pole pole bila kuungua.

Tulipofika Kabungu nilimwomba dereva asimame. Sospeter aliuliza kuna nini. Nikamwambia kuna watu nawafahamu.

Nyumba niliikumbuka kwa zizi lake. Mwenye nyumba, Masanja, alikuwa mfugaji aliyehamia huku kutoka Usukumani, na ndiye wa kwanza kukubali kupanda mbono kijijini pale. Aliyetoka nje kutupokea alikuwa mkewe, mama Kabula. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," akaitikia, akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ni yule wa mbono," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulidhani ulikufa."

Alituwekea viti kivulini mwa nyumba, akatueleza kwa utulivu, kana kwamba anasimulia habari za watu wengine. Walivuna mbegu, wakazijaza kwenye magunia, wakayapanga kando ya barabara ili gari likija lisipate shida kuyaona. Mavuno ya pili wakafanya vilevile. Majirani walipoanza kulalamika, Masanja aliwakatalia. Alisema binti aliyezungumza kwa uhakika namna ile hawezi kuacha kurudi, ila awe amepatwa na jambo. Wakaniombea kanisani. Baadaye Masanja naye aliugua, akafariki akiwa bado anaamini hivyo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao. Maneno ya kujibu hasira nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Morogoro. Niliyaacha. Nilimwambia ukweli: nilikuwa hai siku zote hizo, mzima, ila niliona aibu.

Kuku alipita katikati yetu, akaenda zake.

"Ungekuja tu ukatuambia," alisema. "Tungeung'oa mbono mapema, tukapanda mahindi."

Kisha akaingia ndani, akatuletea maziwa ya mgando, nasi tukanywa. Nilipomwomba radhi alinishika mkono, lakini hakusema yameisha. Nilimheshimu kwa hilo.

Kutoka Kabungu Sospeter hakutaja haidrojeni hata mara moja.

Alasiri tulianza kuteremka. Ziwa lilitokea chini yetu ghafla, halafu likapotea kwenye kona, likatokea tena. Halikuwa na ukomo wala rangi moja. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo kwa dakika chache, kisha ikafutika, nikabaki najiuliza kama niliiona kweli. Tulipokaribia Ikola harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya watu. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye mchanga kwa upana wote wa ufuko, wakimetameta, na wanawake walitembea katikati yao wakiwageuza kwa mafagio.

Mwenyekiti wao, mama Zuhura, alitukaribisha kwake. Alitwambia mvua inapowakuta dagaa hawajakauka, mzigo wote huoza kwa siku moja. Wengine huwasha kuni kuwakausha, lakini kuni sasa zinafuatwa mbali, na mwanamke mmoja wa kikundi chao alianguka na mzigo akavunjika nyonga.

Asubuhi iliyofuata walikusanyika, kama ishirini hivi, kwenye kibanda cha wavuvi. Sospeter alianza kuzungumza, na alizungumza vizuri mno. Aliwaeleza jinsi maji ya ziwa lao yatakavyogeuka moto, na moto ukarudi kuwa maji. Wanawake waliacha kunong'ona. Mmoja aliuliza kama ziwa halitapungua. Sospeter akatabasamu, akasema halitapungua hata kidogo. Niliziona nyuso zao, nikazijua. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya Sospeter, lakini maneno niliyatambua kuwa yangu ya enzi za mbono.

"Sospeter," nilimkatiza, "waambie na yale tusiyoyajua."

Alinigeukia, akanitazama kwa uchungu. Kumkatiza mwenzako mbele ya wenyeji ni kumwaibisha, na nilijua. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nataka aseme imeshindikana kabla haijajaribiwa. Nilisema nataka waamue wakiwa wanajua kila kitu.

Kabla hajajibu, mtu alipiga kelele nje, na wanawake wote wakanyanyuka kwa pamoja. Wingu lilikuwa limeshafika juu yetu. Tulikimbia nao ufukoni, tukazoa dagaa kwa mikono, kwa vyandarua, kwa khanga, kwa chochote. Sospeter alivua shati, akalijaza. Mvua ilipotushukia tulikuwa tumeokoa kama nusu. Waliobaki tuliwatazama wakilowa, wakipoteza ule mng'ao na kuwa rangi ya udongo.

Tulirudi kibandani tumelowa. Kisha Sospeter alisimama, maji yakimdondoka, akasema yale yasiyojulikana. Alisema hajawahi kuuona mtambo wa haidrojeni ukikaa mwaka mzima mahali penye joto na mchanga namna hii. Alisema ukipasuka, fundi wa karibu hayupo Mpanda, wala Tabora. Alisema tangi likivuja ndani ya banda lililofungwa, cheche moja inatosha kuua watu. Nami nikasimama, nikasema ya bayogesi, na kwamba ng'ombe wakihama moto unazimika. Nikawasimulia pia habari ya mbono, na ya mama Kabula.

Mama Zuhura alitusikiliza akikamua khanga yake.

"Nyie mnabishana ipi ni bora," alisema. "Sisi tulikuwa tunavua kwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri za sola. Hakuna injinia aliyekuja. Mmoja alinunua, tukaona anapata samaki, tukanunua. Tupeni kitu tukione kwanza."

Siku hiyo yote, mvua ikinyesha na kuacha, tulikaa nao tukichora. Tuliafikiana hivi: vichanja vilivyoinuliwa, paa la plastiki angavu, na jua lifanye kazi kubwa. Kwa siku za mvua, jiko moja la bayogesi la majaribio. Haidrojeni Sospeter aliiandika mwenyewe mwishoni mwa ripoti, kwamba ijaribiwe kwanza mahali pengine. Nilimwona akisita juu ya sentensi ile kama mtu anayeaga.

Tulirudi kwa njia ileile. Tulituma ripoti tukiwa tumewaahidi akina mama jibu kabla mvua hazijakatika. Wiki zikapita. Nilipouliza ofisini niliambiwa suala bado linafanyiwa kazi, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

Nilichojifunza kwenye safari ile hakikuhusu gesi. Nilikuwa nimefundishwa kupima joto, mgandamizo na mafuta, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kurudi kusema mambo yamekwama ni sehemu ya kazi hiyo.

Basi nikachukua likizo, nikakata tiketi. Nilipofika stesheni ya Tabora nilimkuta Sospeter amekaa juu ya begi lake. Alikuwa amesikia nimeomba likizo, akaja kwa basi bila kuniambia.

Ikola tulifika mchana wa jua. Nilimweleza mama Zuhura kwamba jibu halijaja, na sijui litakuja lini.

"Mmetoka kote huko kuja kusema hamjui?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Alitutazama kwa zamu, akatuongoza nyuma ya nyumba. Vichanja vinne vya miti vilikuwa vimesimama pale, vipya, miti bado inanuka utomvu, na wanawake watatu walikuwa wakivutana na nailoni ya paa upepo usiwanyang'anye. Walikuwa wameshindwa kujua paa liinamie upande gani. Sospeter aliangalia jua, mimi nikaangalia upepo ulikotoka, tukaanza kubishana hapohapo. Mama Zuhura akamkabidhi kila mmoja wetu ncha ya nailoni, akasema tushike kwanza.