Tufe la mkwe wangu lilivyobadili njia kwa sababu ya mafuta ya cherehani

Wakuu, salaam kutoka Vudee, milimani Same. Wadogo wote marahaba, naitikia kabisa mapema. Nimeishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja, ila hili nililiona mwenyewe.

Tuliokuwepo: mimi, binti yangu Nakundwa, mumewe Elinami, jirani yetu Mama Namsifu, na Senzota, mdogo wa marehemu mume wangu. Ghala walimochezea ni la Senzota. Waliokuja kuchungulia majina yao ninayo, lakini nitawachosha.

Elinami alifanya kazi Dar kwenye ukumbi wa bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito liangushe pini kumi. Ukumbi ulipofungwa akapewa matufe mawili na pini, akapanda navyo huku. Akatandaza mbao ghalani, akazipiga randa, akapaka mafuta ya cherehani.

Wanaume wakaanza kututambia.

Tukakubaliana Elinami acheze na mkewe. Upande utakaoshindwa, wanaume au wanawake, utapika makande ya mahindi na maharage ya sikukuu ya mavuno, usharika mzima ule. Senzota ana miaka sabini, hajawahi kukoroga chungu.

Kilichonishangaza ni tufe la Elinami. Linakwenda kulia, limenyooka, unasema hili limepotea. Likikaribia pini linakunja kushoto kama mbuzi aliyeona mahindi.

Nikamwuliza, "Baba, mbona linakunja mwishoni tu?"

Wageni niwaambie, kwetu mkwe hamnyimi jibu mama mkwe. Akainamisha macho.

"Mama, mafuta yameishia pale katikati. Kwenye mafuta linazunguka lakini linateleza. Likifika pakavu linashika mbao, ndio linakunja."

"Elinami, unafundisha maadui," Senzota akasema.

"Baba, nimeulizwa na mama. Nifanyeje?"

Mama Namsifu akacheka mpaka akakaa chini.

Wakaendelea. Elinami anaongoza, ila tufe lake likaanza kukunja mapema, linawahi kushoto, pini zinabaki zimesimama. La Nakundwa vilevile. Tufe la mwisho la Elinami likaangusha mbili tu.

Nakundwa kabakiza tufe moja. Anahitaji pini nane ashinde.

Nikapiga magoti nikapapasa mbao. Pale walipokuwa wanapitisha, pakavu. Pembeni bado panateleza. Nikatazama tufe, lina pete ya mafuta.

"Kumbe linayabeba?"

"Ndiyo mama. Ya Dar yalikuwa yanadumu, na mashine inarudishia. Haya ya cherehani sikujua yataisha upesi hivi."

"Sasa mtu afanyeje?"

Senzota akakohoa. Akakohoa tena.

"Asogee kushoto, mama," Elinami akasema polepole. "Apitishe kwenye mafuta ambayo hayajaguswa."

Nakundwa akasogea hatua mbili, akarusha. Likateleza, likachelewa, likakunja. Saba chini. Ya nane ikayumba weee, ikalala.

Siku ya mavuno wanaume wakapika. Elinami akaniletea sahani ya kwanza kwa mikono miwili, maharage yanalia kwenye meno.

"Baba, mliyaloweka lini?"

Akainamisha macho. "Hatukuloweka, mama."

Nilichojifunza: njia iliyokufaa asubuhi, jioni ipapase kwanza.

Mnaojua bowling, mafuta ya mjini nayo huhama hivyo? Na mliokuwepo ghalani, mimi nasema zilianguka nane. Senzota anasema saba, ya nane ilisukumwa na upepo wa mlangoni. Kama kumbukumbu imenidanganya, nisahihisheni hapa hapa.