Kiatu cha Kushoto Wete

Enzi zetu, sisi tuliokulia Pujini, safari ya kwenda kupumzika Wete ilipangwa kwa muda ule mama anaotumia kujifunga kanga. Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na sahani zimeoshwa, mama husimama mlangoni akasema, "Anayekwenda kwa shangazi akaoge." Huo ndio uliokuwa mpango wote.

Nayasema haya kwa sababu nimetoka kupanga safari ya siku mbili ya Wete na wanangu, na kuipanga kumetuchukua wiki tatu. Kutoka kwangu Chake mpaka Wete ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Raya, binti yangu mkubwa, alifungua kundi la WhatsApp. Tukapiga kura ya tarehe, kura zikaharibika kwa sababu mdogo wake, Haji, alichagua tarehe zote. Halafu ikaja ratiba: saa mbili kifungua kinywa, saa nne kuogelea, saa kumi na nusu kupiga picha. Nikauliza, kwa uungwana kabisa, kama kuna saa iliyotengwa ya kukaa tu. Raya akajibu, "Ipo mama, saa nane mpaka saa tisa."

Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni gesti. Raya alikuwa ameshapata vyumba viwili vinavyotazama bahari, na Shangazi Bi Mize, dada yake marehemu baba yangu, nyumba yake iko papo hapo Wete, karibu na bandari. Ameshapita miaka themanini. Katika watu wazima wote wa utoto wangu, amebaki yeye peke yake.

"Bibi ni mzee, mama. Tutamchosha," Raya aliniambia.

Nikamweleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu za kugawanya. "Mwanangu, gesti ya Wete ni ya mtu asiye na mtu Wete. Ukilala pale, kabla ya magharibi jirani atakuwa ameshamuuliza bibi yako mmegombana kwa lipi."

"Basi tusimwambie."

"Wete, Raya? Usimwambie mtu Wete?"

Raya hakosi kuyajua hayo, ila hakuona tulichokiona sisi. Gari za wakati ule zilikuwa malori yaliyotiwa mabenchi ya mbao. Tulishuka nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, mama na mkungu wake wa ndizi, mimi na kuku aliyefungwa miguu. Shangazi hakuwa na habari kama tunakuja, na hakuna aliyeona ajabu. Alitoka jikoni mikono imejaa chicha za nazi, akatutazama mmoja mmoja. "Mmekuja kuniona au mmekuja kula?" Nasi watoto tukamjibu kwa pamoja, "Kula." Akacheka, akarudi kuongeza maji chunguni.

Tulikula muhogo kwa pweza wa nazi. Asubuhi ulikuwepo mkate wa kumimina, na ugomvi wote ulikuwa juu ya ule upande ulioungua. Msimu wa karafuu, majamvi yalitandazwa mbele ya kila nyumba, mji mzima unanukia, na ole wako ukanyage jamvi la mtu. Tulicheza nage mpaka sauti zikakauka, tukaruka baharini kutoka ngazi za bandari, tukarudi chumvi imetuganda kwenye nyusi. Usiku tulilala wanane kwenye mkeka mmoja, mguu wa huyu shingoni mwa yule, na hakuna aliyepigiwa kura alale wapi.

Ikifika Jumapili, mama anatafuta viatu vyake na cha kushoto hakipo. Kila safari. Shangazi alikwisha kukificha, mara ndani ya gunia la karafuu, mara juu ya kenchi za paa, mara ndani ya kinu kilichofunikwa ungo. Mama hukasirika kweli. Watoto wana skuli, mume yuko peke yake. Sauti ya Shangazi hutoka jikoni, bila haraka: "Hakionekani? Basi nendeni kesho." Mama hutafuta kidogo zaidi, kwa macho tu, kisha huketi. Tukifika Pujini Jumanne, mara nyengine Jumatano, baba hakuuliza tulikuwa wapi. Aliuliza, "Safari hii alikificha wapi?"

Basi mimi na Raya tukakubaliana. Tutalala kwa Bibi, ila Jumapili saa nne kamili tuwe njiani, maana Jumatatu ana kazi. Nikakubali. Sikumwambia kwamba nilivaa makubadhi kwa makusudi, kwa kuwa yanafichika kwa wepesi.

Jumapili saa tatu na nusu nikaenda mlangoni. Viatu vyote vilikuwepo. Vimepangwa jozi jozi, vimefutwa vumbi, vimegeuzwa kutazama nje.

"N'mesikia mna saa zenu," Shangazi aliniambia kutoka kwenye mbuzi, anakuna nazi. "Sikutaka kukucheleweshani."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, na upole huo ndio ulionichoma. Nikainama, nikachukua kiatu cha kushoto cha Raya, kile cheupe cha kamba, nikapita nacho mbele ya Shangazi. Nikakitia ndani ya kinu, nikafunika ungo. Aliniangalia mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaendelea kukuna.

Raya alitafuta chini ya mkeka, nyuma ya mlango, mpaka ndani ya gari. Saa nne ikapita. "Mama, hukukiona kiatu changu?"

"Kilikuwa hapo hapo na wenziwe," nilisema, na huo si uongo.

Sauti ikatoka jikoni, nyembamba kuliko zamani, lakini maneno ni yale yale. "Hakionekani? Basi nendeni kesho."

Raya akanitazama mimi, akatazama jikoni, akaketi barazani kwa kiatu kimoja na kupiga simu kazini kwake. Haji aliuliza mchana kuna nini. Kulikuwa na pweza.

Enzi zetu mwenyeji ndiye aliyeficha, na mgeni akajifanya anatafuta. Siku hizi tunakwenda kwa watu wetu tukiwa na saa ya kuondoka mkononi, mpaka wenyewe wanaona haya kutuzuia, nasi tunadhani wamezeeka tu. Wanangu ni watoto wazuri. Hawakuwahi kufichiwa kiatu, basi.

Jumatatu asubuhi tuliaga. Raya na Haji wameshakaa garini, injini inanguruma, mimi nikainama mlangoni kuvaa makubadhi yangu. La kulia lilikuwepo.